Matundu ya Vyungu vya Baba

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka huu, simu ilitoka Kabongo kutuambia kwamba tante Mwadi, dada mdogo wa baba, hayuko tena. Tangu siku hiyo nawaza vyungu vya maua. Wenzangu tuliokua pamoja katika kambi ya reli hapa Kamina watanielewa, maana karibu kila nyumba ilikuwa na kimoja.

Enzi zetu maua yalipandwa katika chochote kilichokwisha kazi yake: kopo la maziwa, tairi lililokatwa, chungu cha udongo kilichovunjika mdomo. Kopo lililiwa na kutu. Chungu kiliangushwa na mbuzi. Baba, aliyekuwa akichomelea vyuma katika karakana ya reli, alichoka kumwona mama akiokota vigae, akasema atatengeneza chungu kitakachomchosha mbuzi mwenyewe. Treni zilikuwa zimeanza kupungua, naye alikuwa na siku nyingi za kukaa nyumbani.

Kazi ilianza na sisi watoto. Tulizunguka kambi nzima tukikusanya mabeseni yaliyopasuka, bidoni za mafuta, na ndoo za plastiki zisizo na mkono. Baba alivikata vipande, kisha akavitupa katika maji. Kilichoelea kilikuwa kizuri. Kilichozama hatukukichoma, maana moshi wake ulikuwa mkali hata mbwa alihama ua. Tulibishana sana nani kaleta vinavyoelea. Siku hizi kijana akiona beseni limepasuka analitupa mferejini, na mvua ikija anapiga picha ya maji yaliyojaa barabarani ili awaonyeshe rafiki zake wa Lubumbashi.

Vipande viliyeyushwa katika nusu ya pipa juu ya makaa, baba akikoroga kwa ufito wa chuma kama mama alivyosonga bukari. Hakutaka moto mkubwa. Plastiki ikishika moto, alisema, imekufa. Ilipokuwa nzito kama asali, aliimwaga katika sufuria kubwa iliyopakwa mawese, akazamisha sufuria ndogo katikati, na juu yake akaweka kipande cha reli ili kiikandamize. Sisi tulingoja tukiruka nzango, mchezo wa kurushiana miguu, na kutafuna mahindi ya kuchoma, nayo yalikuwa na harufu ya mabeseni. Chungu kilipopoa, baba alikigonga kwa kiganja, kikatoka kizito, na mistari ya kijani, nyekundu na buluu iliyoingiliana. Alipanda juu yake na viatu vyake vya kazi mbele ya majirani. Hakikupasuka.

"Hiki utaachia mutoto, na mutoto ataachia mutoto wake," alimwambia kila aliyekuja kuomba.

Lakini vyungu vyake havikuwa na matundu chini. Hakusahau; alikataa. Kwetu tulilelewa tukijua kwamba chombo kilichotobolewa chini ni cha kaburini. Mtu akizikwa, sahani yake au sufuria yake huwekwa juu ya kaburi, nayo hutobolewa ili mwizi asiitamani. Nyanya yetu, mama wa baba, alikuwa mzee sana na alilala chumba cha nyuma. Baba hakuweza kuweka vyombo vya namna hiyo mlangoni pake.

Tante Mwadi alikuwa akikaa nasi pamoja na mwanawe Kasongo, tangu afiwe na mumewe. Yeye ndiye aliyependa maua kutuzidi wote. Alipanda roza katika vyungu vinne kwenye baraza, na kila mvua kubwa mizizi ilikaa majini ikaoza. Alipanda tena, ikaoza tena.

"Yaya," alimwuliza baba, maana ndivyo alivyomwita kaka yake, "unatengenezea roza ao samaki?"

Baba alicheka. Akamjibu kwamba afadhali roza ife kuliko kuita kifo nyumbani. Tante naye akacheka, lakini nilimwona akifuta macho alipong'oa mti wa tatu.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mizizi nayo hupumua. Asubuhi moja, wakubwa wakiwa kanisani, nilipasha msumari moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kutoboa vyungu vyote vinne, matundu mawili kila kimoja. Sikumwambia mtu. Roza ikashika. Tante alisema sala zake zimesikika, nami nikajiona malaika.

Kabla mvua za mwaka huo hazijakwisha, nyanya akafa.

Siku ya kilio wanaume walisogeza vyungu ili watu wapate pa kukaa. Baba aliinua kimoja, maji yakamchuruzikia miguuni kutoka chini yake. Akakigeuza, akageuza na vingine.

"Mwadi," alisema, "mama alikuwa angali muzima, na weye ulisha kutoboa vyombo?"

"Yaya, hapana miye."

Alisema hivyo mara moja tu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mtungi wa maji, nimeshika kikombe. Nilikinywa chote. Baba akamwambia afunge mizigo yake, na treni iliyofuata ya Kabongo iliondoka na tante na Kasongo. Baba hakutengeneza chungu kingine. Sijui kama tante alijua ni mimi. Ningependa kusema alijua akanisamehe, lakini sikuona dalili yoyote, na sitaiongeza sasa. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, na kila mwaka nilisema nitakwenda Kabongo mvua zikikatika.

Leo sokoni vyungu vya plastiki vinakuja kutoka kiwandani na matundu yake tayari. Wasichana wananunua, wanapanda, wanapiga picha. Hakuna anayeogopa. Jua likivichoma misimu miwili vinavunjika kama ganda la yai, wananunua vingine. Vya baba bado viko katika nyua za kambi, vizima.

Siku ile ya simu nilikaa chini karibu na kiti cha baba. Amezeeka, haoni vizuri. Nikamweleza msumari, mbabula, vyungu vinne.

"Ni kusema nilimufukuza bure?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na ulikuwa pale. Ulinisikia."

"Nilikuwa pale."

Nilingoja anitukane, hakunitukana. Aliniambia nipige simu Kabongo. Kasongo alipopokea, nilimpa baba simu, naye akaishika kwa mikono miwili. Nilisikia Kasongo akiuliza nani anaongea, akauliza tena.

"Ni miye," baba alisema, "mujomba yako." Kisha akanirudishia simu.