Neno la Kwanza Kwenye Kamusi

Mwanangu, kabla hujaiachia hiyo simu ikutafsirie maneno ya wageni utakaowapandisha mlima, nikusimulie asubuhi moja pale kambi ya Horombo, nikiwa kiongozi msaidizi mlimani, na majivuno yangu yakitosha Marangu nzima.

Kihispania nilifundishwa na sista mmoja pale mjini Mkuu, kisha nikanunua kamusi ndogo ya Kiingereza na Kihispania. Wapagazi wakaanza kuniita Profesa. Nami, kwa upumbavu wa ujana, nikawa naitika.

Safari hiyo tulikuwa na mama mmoja wa Hispania na mumewe, wote hawajui Kiingereza. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, kiongozi wetu, Mzee Ndesario, aliuliza hali zao kwa Kiingereza alichozoea kuwauliza wageni, mimi nikawaeleza kwa Kihispania. Siku hiyo akataka nimuulize mama kama anajisikia "sick". Kwenye kamusi neno hilo lilikuwa na maana tatu: mgonjwa, mwenye kichefuchefu, na aliyechoshwa na jambo. Kila maana ina neno lake la Kihispania, na nililijua hilo. Lakini kamusi ilikuwa ndani ya begi, na Profesa angefunguaje begi mbele ya wapagazi? Nikatumia lile la kwanza, "enferma", yaani mgonjwa. Mama akasema hapana. Tukaondoka.

Ilipofika saa tano alikuwa anayumba. Akatapika, akakaa chini, akashindwa kusimama. Nilipomuuliza vizuri akasema kichefuchefu kilimwanza tangu jana mchana, ila mgonjwa hakujiona, ndiyo maana alikataa. Ulikuwa ugonjwa wa kimo cha mlima, na dawa yake ni kushuka; tukamfunga kwenye machela ya gurudumu moja, tukaanza kumteremsha, mumewe akikimbia pembeni huku analia. Niliogopa sana, sikufichi. Nilidhani nimemuua mke wa mtu.

Tulipofika Mandara, kambi ya chini, alikuwa anaongea na kuomba maji. Ndipo Mzee Ndesario akaniita kando. Hakupandisha sauti.

"Bakuli lake la asubuhi uliliona?"

"Niliona, mzee. Uji ulirudi haujaguswa."

"Basi jibu ulikuwa nalo mkononi, ukaenda kuamini neno lako."

Nilirudi kwenye machela nikaendelea kusukuma.

Kwa hiyo, mwanangu, neno la lugha ya watu usilichukue kwa sababu tu limetangulia kwenye orodha. Jiulize kwanza anayeuliza anataka kujua nini, halafu mtazame atakayejibu. Ukishachagua, uliza tena kwa njia nyingine: tumbo likoje, kichwa kinauma, umekula? Na neno usilolijua, sema hulijui, hata kama wanakuita Profesa. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi niliikwepa hiyo dakika, nikamsukuma mama wa watu nusu ya mlima.

Mungu akujalie ulimi usio na haraka, na wageni wako wote wateremke wakitembea kwa miguu yao.