Tutawafundisha Nini Walimu wa Ng'ambo?

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo situlii kitini. Na kutulia kitini ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote. Nyumbani kwangu wanasema mimi na kiti tumezaliwa pamoja. Lakini siku ile nilihangaishwa, na waliohangaika kunizidi walikuwepo. Nakusimulia kwa sababu nimesikia nawe unaandika ombi la fedha za nje.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi karibu na Mikumi, nimetoka sekondari majuzi tu, kichwa kimevimba. Serikali ilikuwa imetaka watoto wote waingie shule, nao wakaingia kweli, mpaka wengine wakasomea dirishani. Walimu hawakutosha. Ndipo ofisi ya elimu ya Kilosa ikatutangazia: kuna chama cha walimu wa nchi moja ya baridi huko Ulaya kinatoa fedha za mafunzo. Mwalimu wetu mmoja ataenda kusoma kwao mwaka mzima, na mwalimu wao mmoja atakuja kukaa kwetu. Shule inayotaka iandike ombi, limfikie afisa elimu kabla hajapanda treni ya Dar es Salaam Ijumaa jioni.

Aliyeitaka nafasi ile kwa roho yake yote alikuwa Mwalimu Tabitha, binti wa Vidunda. Alitoka darasa la saba akafundishwa ualimu hapohapo kazini, huku akilea darasa la kwanza. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba walimu wa namna yake wasipopata mafunzo zaidi watarudishwa makwao. Kwao ni mlimani, na jembe lilikuwa linamngoja. Mimi sikuitaka hata kidogo. Nikilala Kilosa usiku mmoja tu nalikumbuka godoro langu. Theluji ningeiweza wapi? Ila Kiingereza nilikuwa nacho, basi nikakabidhiwa kalamu.

Ijumaa asubuhi ikatukuta bado tunaandika. Mwalimu Mkuu anazunguka ofisini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tabitha yuko dirishani, anatazama barabara, anarudi, anatazama karatasi, anakwenda tena dirishani.

"Salum, jua linakwenda," alisema Mwalimu Mkuu. "Limebaki swali gani?"

"Wanauliza sisi tutawafundisha nini walimu wao."

Akacheka. "Tuwafundishe kusonga ugali? Andika kwamba hatuna kitu, tunaomba msaada."

Nikaandika, tena kwa mbwembwe. Kila neno la unyonge lililomo kwenye kamusi nililivuta nikaliweka: sisi ni maskini, hatujui, hatuwezi, gizani tumo. Hakuna aliyeona ubaya, maana ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akija unamwambia, "Karibu, leo hatuna chochote, labda maji ya kunywa," na kuku yuko jikoni anachemka. Mgeni naye anajua, anavua viatu anasubiri.

Hapo hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Yohana, mwalimu mstaafu wa shule za misheni, ameteremka kutoka Vidunda kuona wajukuu. Huyo ndiye aliyemfundisha Mwalimu Mkuu wetu kusoma. Ungemwona mkuu wetu alivyosimama, mikono nyuma!

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mnahema wote?"

Tukampa karatasi. Akavaa miwani, akasoma polepole mpaka nikatamani kumnyang'anya. Kisha akanitazama.

"Salum, hapa umeomba masomo au umeomba sanda?"

"Ni heshima tu, mzee. Anayeomba si anajishusha?"

"Ukijishusha mbele yangu, mimi najua kuna kuku jikoni. Hawa wa mbali wataamini kuna maji tu. Wewe ungemtuma mwalimu wako akakae mwaka mzima na watu waliojiapiza kwamba hawajui kitu?"

Mzee akageukia dirishani.

"Nawe, Tabitha, acha kuisumbua barabara. Darasa lako limefurika na vitabu hamna. Watoto wanasomaje?"

"Ah, ni mambo yetu ya hapahapa tu, babu."

"Yaseme hayo ya hapahapa."

Akasema, kwanza kwa sauti ya kuomba radhi. Kila asubuhi anaazima watoto wa darasa la tano, kila mmoja anachukua wadogo wachache, wanakaa nje wanaandika mchangani kwa vijiti. Amewapanga kwa lugha za nyumbani, wa mlimani na wenzao, wa wafugaji na wenzao, ili mkubwa amweleze mdogo mpaka Kiswahili kimkae mdomoni. Yeye anazunguka.

"Na wanasoma?"

"Wanasoma, babu. Anayechelewa nakaa naye mwenyewe."

Mwalimu Mkuu akaacha kuzunguka. Mimi nilikuwa nawapita watoto wale kila siku nikidhani wanacheza.

"Salum," akasema mzee, "unaandika, au unangoja treni ikuonee huruma?"

Nikachana, nikaandika upya, Tabitha kasimama begani kwangu ananisahihisha. Wino haujakauka, lori la pamba la Kilosa likapiga honi barabarani, nikasukumwa nje. "Nenda wewe mwenye Kiingereza!" Nikapanda juu ya marobota, mimi, mtu wa nyumbani. Kila daraja dereva alisimama kusalimiana na watu, nami juu kule nilikuwa namwomba Mungu ampunguzie marafiki.

Afisa elimu nilimkuta stesheni, sanduku mkononi. Akasoma amesimama.

"Hili la watoto kufundishana ni zuri. Lakini, ndugu Mwalimu, mgeni akija atalala wapi? Hamjasema. Bila malazi silipeleki."

Nilifikiria nyumba zote za kijiji. Zote zimejaa. Yangu ilikuwa na chumba na sebule.

"Kwangu," nikasema.

"Na wewe?"

"Sebuleni, ndugu Afisa. Kwenye mkeka."

Akaliandika pembeni, akapanda treni.

Tukakaa miezi hatuna raha, Tabitha akikimbilia kila basi lililosimama. Jibu lilipokuja alikwenda, akasoma, akarudi, akapangiwa kuwafunza walimu wenzake wilaya nzima. Mgeni wao akalala chumbani kwangu mwaka mzima, na kila asubuhi alikaa mchangani na watoto, kijiti mkononi, anaandika maelezo ya kupeleka kwao.

Basi, mwanangu, ukiomba kwa watu wa mbali usianze na unachokosa. Anza na unachofanya kwa ulichonacho, ndipo useme kinapokwama. Yule atakayesafiri mwite mezani, aseme kazi yake kwa mdomo wake, nawe umsikilize kuliko kamusi. Na kubadilishana ni kubadilishana: kabla hujauliza watakupa nini, jua mtu wao atalala wapi na atajifunza nini kwako.

Mungu aifungue kauli yako, awape sikio jema watakaokusoma. Na safari ikikuita, akujalie moyo wa kuondoka, ule ambao mimi alisahau kunipa.