Wageni wa Asubuhi ya Boti

Nakumbuka asubuhi moja huko Keshero, kando ya ziwa, ambapo watu kumi na watatu tuliingia nyumba ya mgonjwa kwa nia njema kabisa, tukaharibu. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu umeniambia mtoto wa jirani yako ameonekana na kansa, na kwamba kesho mtaenda nyote kumwona. Keti kwanza. Kesho haijafika.

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, sina mtoto, nami nilikuwa sekretere wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa wetu. Nilikuwa na daftari, na mwenye daftari hujiona askofu. Mgonjwa akisikika, mimi ndiye niliyepanga nani aje, kitenge gani kivaliwe, wimbo gani utangulie. Ujana, mwanangu.

Jirani yetu Mama Riziki alikuwa mtu wa Bukavu, mpole, mume wake karani kule mtaa wa Himbi. Binti yao Riziki, wa miaka sita, alivimba taya. Walidhani ni jino. Madaktari wakasema ni kansa, lakini ya aina inayosikia dawa, na dawa yenyewe inatolewa Bukavu, ng'ambo ya ziwa, kwa siku ambazo hazisogezwi. Kila baada ya majuma kadhaa mama na mtoto walipanda boti ya asubuhi. Baada ya safari mbili uvimbe ulikuwa umeshuka, na mtoto ameanza tena kutafuna mahindi ya kuchoma. Mtaa mzima uliona.

Safari ya tatu nikaona ni aibu shirika halijawahi kuwasindikiza. Nikakusanya watu, tukafika jua linachomoza. Papa Riziki, baba yake mtoto, alikuwa ametangulia bandarini kuwashikia nafasi. Mtoto alikuwa amekwisha kuvikwa, mfuko uko mlangoni. Mama Riziki aliuangalia ule mfuko, akatuangalia sisi, akasema, "Karibuni."

Unaijua desturi yetu. Mgeni hafukuzwi, haachwi ndani peke yake, wala hatoki na kinywa kikavu. Mama akarudi jikoni kuwasha makaa, achemshe chai. Sisi tukaimba. Kisha kila mmoja akaomba, na kwetu mtu haombi kifupi mbele ya wenzake. Papa mmoja alianzia kwa Adamu. Mimi nilikuwa nafurahi, najiambia leo upendo umeonekana. Riziki alikaa juu ya mfuko, anatazama mlango. Tulipomaliza chai tukawasindikiza hadi bandarini kwa wimbo, tukakuta boti iko mbali ziwani. Papa Riziki hakutugombeza. Alimbeba mtoto wake tu, akasimama pale.

Walivuka siku iliyofuata, lakini siku ya dawa ilikuwa imepita. Wakaambiwa wangoje majuma mawili. Katika majuma hayo taya ikavimba tena.

Mzee aliyenisema ni Mama Venansia, mjane wa kutoka Masisi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimkuta akichambua maharagi. Nikamwambia tulikwenda kwa upendo, ni bahati mbaya tu. Hakuinua macho.

"Wakati mulifika, ule mama aliwaambia nini?"

"Alisema karibuni."

"Alikuwa aseme nini ingine? Watu kumi na tatu wanapiga hodi na kitenge ya shirika, awaambie murudie? Mulimufunga na adabu yake mwenyewe." Akatupa jiwe dogo alilolipata katika maharagi. "Kama munapenda kumusaidia, mufanye kazi yenye haina lazima ya kuambiwa 'karibu'."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulishika mgeni njoo, tukasahau kuangalia kama mwenyeji anapona. Nilikuja kujua kwamba kila asubuhi Mama Venansia alikuwa akiacha bidoni, dumu la maji, kwenye mlango wa Mama Riziki, bila hodi, halafu anaenda zake. Jina lake halikuwa kwenye daftari langu.

Tulijirekebisha, ndiyo. Wengine walilala kwao kuwaangalia wadogo zake Riziki wakati mama yuko Bukavu, wengine walifua. Mimi nilichota maji, nikajifunza kunyamaza. Mtoto alipewa dawa kali zaidi, akapigana kuliko sisi wote, akafariki kabla ya mwaka kwisha.

Mwanangu, sisemi ni sisi tuliomuua. Kansa huua hata asiyechelewa, na wapo watoto waliochelewa wakapona. Sijui. Lakini mama yake naye hajui, na ataishi hivyo hadi kaburini, anajiuliza kuhusu asubuhi moja na chai. Hilo ndilo tulilompelekea kama zawadi. Linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kesho msiende kumi na watatu. Nenda wewe, usimame nje, uulize siku ya dawa ni lini, halafu siku hiyo mtaa wote ukae mbali na ule mlango, ila yule atakayebeba mfuko. Usimwombe mama akueleze ugonjwa upya. Ameshaueleza mara nyingi mno. Chukua watoto wake wengine, uwalishe, uwapeleke shule. Akikuambia rudi nyumbani, rudi, wala usinune, maana amekuamini hadi ameweza kukufukuza. Na kama kuomba, omba kwako. Mungu anajua njia ya nyumba yao.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono isiyosubiri kupokelewa. Na mtoto huyo wa jirani yako, Mungu amponye, amkuze, amzeeshe, mpaka siku moja yeye ndiye aje kunizika mimi.