Uvimbe wa Mwalimu Mukendi

Adolphine alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo karibu na stesheni ya Kolwezi: mwanamke wa Katanga ya kaskazini, mcha Mungu, mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi. Wepesi huo tuliusifu miaka mingi. Kumbe sifa nazo humponza mtu.

Mwaka wa tisini na tatu kazi za mgodini zilikuwa zimekufa, na watu wa asili ya Kasai walifukuzwa na Wakatanga majumbani mwao. Walilala stesheni na watoto na sufuria, wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mmoja wao alikuwa Mukendi, mwalimu aliyewafundisha kusoma watoto wa Adolphine. Aliletwa zahanati na homa kali, mishipa ya mikono imenywea kwa kiu. Adolphine akatafuta mshipa wa kinena ili amtie dawa. Damu ikaruka nyekundu, kwa mapigo: alikuwa ametoboa ateri, mshipa unaotoka moyoni.

Hilo laweza kumpata muuguzi yeyote. Dawa yake ni kufinya kwa nguvu bila kuachia, hata vidole vikifa ganzi. Adolphine alifinya. Lakini vijana wenye fimbo wakapita barazani, mbele yao Stany, mtoto wa jirani yake, na dirisha lilikuwa wazi. Akaogopa kuonekana akimshika Mkasai. Akaondoa mkono, akabandika pamba, akasema imekwisha.

Siku chache baadaye Valérie, mke wa Mukendi, akamwita. Kinena kimevimba. Jipu hilo, walisema wote pale stesheni, na Valérie alikuwa akilikanda kwa maji ya moto, maana sisi tunakanda kila kitu. Adolphine akaja na wembe aliouchemsha. Alipogusa kutafuta palipoiva, uvimbe ukadunda chini ya kidole chake, sawasawa na moyo. Wembe ukamponyoka. Angepasua pale, damu yote ingemwagika mbele ya watoto. Alitamani ardhi immeze.

Daktari pekee aliyejua mashine ya ekografi, ile inayoonyesha ndani ya mwili, Tshilombo, alikuwa ameketi juu ya masanduku yake hatua chache kutoka hapo. Naye alifukuzwa. Alisimama bila kuuliza neno, wakamsukuma Mukendi kwenye mkokoteni hadi hospitali; Valérie akabaki stesheni na watoto kungoja treni.

Kwenye kioo cha mashine, kando ya ateri, kulionekana mfuko mweusi na damu ikizunguka ndani.

"Tazama, mama," alisema Tshilombo. "Damu iko inapita mu tundu ya sindano, inaingia, inatoka. Ulifinya bien, muzuri?"

"Nilifinya, Dokta."

Tshilombo akakandamiza kifaa cha mashine kinachoshikwa mkononi juu ya tundu lile ili damu igande mfukoni. Ndipo treni ikapiga honi. Watoto wa Tshilombo walikuwa wameshapanda.

"Dokta, wende," alisema Adolphine. "Mi ntafinya."

Tshilombo akampisha, akauweka mkono wa Adolphine juu ya kile kifaa. "Usiache mpaka ile damu itulie." Akaondoka mbio.

Kichwa cha Stany kikatokea dirishani. "Mama Adolphine! Unashika bilulu na mikono yako?" Bilulu ni wadudu, ndivyo walivyowaita Wakasai.

"Na wewe nilikushika na hii mikono siku mama yako alikuzala! Toka hapo!"

Stany akatoka. Mkono haukusogea. Nje, treni ilianza kuvuta, na machozi yakamshuka Adolphine asiweze kuyafuta.

"Baba Mukendi, ile siku niliacha mbio-mbio. Niliogopa Stany asinione na wewe."

Mwalimu alikuwa akisikiliza magurudumu.

"Nilijua, mama. Nilimuona mbele wewe umuone. Valérie na batoto, banaisha kwenda?"

"Banaisha kwenda, baba."

"Basi finya."

Kwenye kioo damu ilikuwa bado inazunguka. Adolphine akafinya.