Jumbe Aliyetaka Nimsemee

Enzi za Wajerumani niliwasemea washtakiwa wa Ngonga bomani, kwa kuwa nilijifunza Kijerumani misheni. Nilianza baada ya jumbe wetu kumsingizia baba yangu wizi wa ng'ombe. Baba alichapwa viboko bila kuulizwa neno, akafa kwa vidonda.

Miaka ikapita, jumbe huyohuyo akashtakiwa kwa kuchinja ng'ombe wa serikali. Alinijia na jogoo mkononi.

“Ugonile, mwanangu,” alinisalimu. “Nisemee.”

“Baba yangu alisemewa na nani?”

Akamwacha jogoo mlangoni, akaenda zake.

Siku ya shauri nilikaa mbele kabisa. Mjerumani alipouliza kama ana msemaji, jumbe alinitazama. Nikanyamaza. Nilibaki hadi kiboko cha mwisho, kisha nikarudi nyumbani, nikala ndizi kwa hamu niliyoikosa tangu msiba.