Presha ya Jicho la Mzee Guo

Mwaka 2014, nikiwa na miaka hamsini na sita, ndipo shida yangu ilipoanza, na mwanangu, ilianza kimyakimya. Shule niliiachia darasa la nne kule Malindi. Nilifika Minnesota, huku Marekani, sina mtu, nikaosha vyombo, nikafagia maofisi, mpaka nikanunua gari langu mwenyewe la viti kumi, nikawa nawabeba wafanyakazi kutoka Fridley hadi ghala la Shakopee. Sikumwomba mtu. Nalisema hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wanangu wa kuzaa wako Woodbury, mji wa jirani. Nikiwapigia kwa Kiswahili wananijibu Kiingereza, tena kwa haraka. Mtu wangu alikuwa mmoja tu, jirani wa mlango wa pili, Mzee Guo, Mchina wa miaka sabini na tisa. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, basi tulielewana vizuri sana. Aliniita Dereva.

Nakumbuka ile siku ya theluji aliponiomba nimpeleke kwa daktari wa macho. Mjukuu wake, Mei, alikuja kumtafsiria, akanibembeleza na mimi nipimwe. Tukapimwa presha ya macho. Mzee Guo, kumi na nane. Mimi, kumi na nane. Tukagonganisha viganja kama watu waliotoka sare kwenye mpira. Halafu daktari, mama mmoja mtulivu, akamwambia mzee arudi mwaka ujao. Mimi akanipa dawa ya matone, kila usiku, maisha yangu yote.

“Mbona Mchina anaenda zake na mimi natibiwa? Namba si moja?”

“Namba moja, macho tofauti,” akanijibu.

Akaeleza. Nafasi ya mbele ndani ya jicho la Mzee Guo ni finyu, lakini Wachina wazee wengi wako hivyo. Kioo cha mbele cha jicho lake, ile ngozi angavu, kina unene wa kutosha, na mshipa wa nyuma ni mzima. Kwake hiyo ni kawaida, ataangaliwa tu. Mimi kioo changu ni chembamba, kwa hiyo kipimo kinasoma chini kuliko presha iliyomo, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umeshaanza kuliwa.

Mwanangu, hayo yote yalinipita. Nilishika kumi na nane. Garini nikamwambia Mzee Guo, “Wananiuzia dawa tu. Wewe umenizidi umri na huna kitu.” Hakucheka. Ile chupa sikuifungua. Presha ya macho haiumi, na hiyo ndiyo hila yake.

Theluji ikayeyuka. Jioni moja, nimeshawashusha watu, nikaingia kwake kunywa chai kama desturi yetu. Nikakaa, nikangoja.

“Leo huna chai, mzee?”

“Ipo.”

“Iko wapi? Au umeanza ubahili?”

Akanishika kidevu kama mtoto, akanigeuza uso kushoto. Kikombe kilikuwa pale kinafuka mvuke, karibu na kiwiko changu.

“Jana pale maegesho,” akasema, “mama na mtoto kwenye kigari. Upande huu huu. Uliwapita hivi.” Akaonyesha kwa viganja, havikuachana sana. “Yule mama akapiga kelele. Wewe ulidhani anakusalimia, ukampungia mkono.”

Nikapandisha hasira. Nikamwambia nimejilea mwenyewe, hakuna wa kunifundisha kuendesha. Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

“Kumi na nane yangu ni ya jicho langu,” akasema. “Jicho la Mchina mzee. Nani alikupa ruhusa uivae? Mimi nikivaa viatu vyako nitaanguka peke yangu. Wewe una watu gari zima nyuma yako.” Akanyoosha mkono. “Ufunguo, Dereva.”

Ule mkono hakuushusha. Nikampa.

Daktari alinipima upya. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Kilichokufa upande wa kushoto hakirudi, akasema; kilichobaki tutakilinda. Kazi ya kubeba abiria ikaishia hapo. Mzee Guo akawa anakuja kila usiku kunitilia matone, maana mimi nilikuwa nayamwaga shavuni. Anainama juu yangu, ananukia tangawizi. Tangu mke wangu afariki, hakuna mwingine aliyenigusa uso.

Baadaye binti yake akamchukua kwenda kukaa naye jimbo la mbali, na huko akafia. Mei ndiye aliyenipigia. Mlango ule sasa una wapangaji wengine; tukikutana wanatazama simu. Matone natia mwenyewe, nimelala chali, nasema bismillahi.

Sasa sikia, mwanangu. Ukipimwa, usiondoke na namba tupu. Muulize daktari: kawaida hii ni ya nani? Ya umri gani, ya watu gani, na kwangu mimi ina maana gani? Usione haya. Mimi niliona haya kwa kuwa sikusoma, nikajifanya najua. Ukipewa dawa ya ugonjwa usiouma, itumie. Akitokea mtu wa kukudai ufunguo, mpe mapema. Na wapigie wazee wako, hata kama huna la kusema. Mungu akulindie nuru ya macho yako, akupe na jirani asiyeogopa kukukasirisha.

Gari niliuza. Leo nina chumba kimoja Fridley, redio, msahafu wa maandishi makubwa, kiti cha dirishani, jicho la kulia, na nusu ya la kushoto.