Kwa Nini Sikuandika "Mtakatifu"

Siku yangu ya kwanza kazini, Paroko niliyemkuta Amu alinikabidhi rejista tatu: ya ubatizo, ya ndoa na ya wafu. Kisha akaichukua penseli yangu akaifungia drooni. "Karani," akaniambia, "hapa tunaandika kwa wino. Usilolithibitisha liache nje ya kitabu." Nilikuwa nimewasili kutoka bara wiki ileile. Waumini wetu kisiwani walikuwa wachache, wengi wao walimu, askari na maofisa waliohamishiwa huko kikazi, nami nilidhani kazi ya karani wa parokia ni mwandiko mzuri tu. Niliwatumikia maparoko wanne, Amu, kisha Mokowe ng'ambo ya maji, kisha Amu tena, na sikupata agizo lililonifaa kuliko lile.

Naandika haya nikiwa na ghadhabu, wala sioni haya kukiri. Majuzi katekista kijana, mwalimu wa dini, alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mtumishi fulani wa Mungu "amekuwa mtakatifu", ilhali alitangazwa mwenyeheri. Nilipomsahihisha baada ya Misa, alinijibu kwamba hayo ni majina tu na Mungu anaelewa. Mungu anaelewa, sina shaka. Wasioelewa ni waumini, na wao ndio aliokuwa akiwatangazia.

Basi nieleze. Jimbo huchunguza maisha ya marehemu anayesifiwa kwa utakatifu, kisha Roma huchunguza tena. Ikithibitika kwamba mtu ameponywa kwa maombezi yake, muujiza mmoja, Baba Mtakatifu aweza kumtangaza mwenyeheri. Mfiadini, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, hadaiwi muujiza huo. Tangazo hilo ni ruhusa: jimbo fulani, nchi fulani au shirika fulani la watawa waweza kumheshimu hadharani katika ibada. Ili atangazwe mtakatifu, kwa kawaida hutakiwa muujiza mwingine, uliotokea baada ya tangazo la kwanza. Hapo Baba Mtakatifu hutoa tamko la mwisho kwa Kanisa lote, naye huheshimiwa popote duniani. La kwanza laruhusu mahali. La pili laagiza kote. Ndiyo sababu kanisa halipewi jina la mwenyeheri bila idhini ya Roma.

Jambo hili lilinigharimu urafiki nilipokuwa Mokowe, chini ya Paroko wa tatu. Tulikuwa tumejenga kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, na mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu Skolastika wa shule ya msingi. Miaka michache nyuma aliugua uti wa mgongo, akakaa miezi asiweze kusimama. Alimwomba mwenyeheri mmoja, mtawa wa nchi ya mbali ambaye masista waliomsomesha walimheshimu sana, akaweka nadhiri: akitembea tena, kigango tutakachojenga kitaitwa kwa jina la mtawa huyo. Akatembea. Kwa furaha akaagiza ubao wa nakshi wa kuwekwa juu ya mlango, maandishi yaanze na neno "Mtakatifu".

Fundi wa nakshi, Bwana Athmani wa Amu, alivuka hadi ofisini kwangu kutaka maneno yenye muhuri, kwa kuwa herufi ikishachongwa haifutiki. Nikamwambia asubiri, huyu bado ni mwenyeheri. Akanitazama kwa huruma.

"Kumbe kwenu hata aliyekufa hungoja kupandishwa cheo?"

Nilimweleza kwamba marehemu haongezewi kitu. Ni Kanisa linalothibitisha lilichokiona. Akasema amefahamu, ila hajapata kumwona karani mwenye kazi ndefu kama yangu. Akaondoka na ubao wake mtupu.

Jioni hiyo Mwalimu alikuja. Hakuketi.

"Bwana Karani, mimi nilikuwa kitandani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, Mwalimu, na nilikuombea. Lakini siwezi kuandika ambalo Kanisa halijatamka."

"Kwa hiyo nadhiri yangu ni uongo?"

Nilimjibu kwamba nadhiri yake ni ya kweli, na jina ndilo lisilo mikononi mwetu. Akaniita mlinda karatasi. Paroko aliniamuru nimwandikie Kansela, padre anayetunza nyaraka za jimbo, na jibu lilikuja fupi: idhini ya Roma haipo, chagueni mtakatifu. Kigango kikapewa jina la mtume. Mwalimu alihudhuria siku ya kubarikiwa, akaimba nyimbo zote, na kuanzia hapo akawa ananipita gatini kama asiyeniona. Nilirudishwa Amu hali ikiwa hivyo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alivuka kunifuata. Masista wake walikuwa wamempasha habari kwamba kesi ya mtawa yule ingali wazi na yanatafutwa maponyo yaliyotokea baada ya kutangazwa mwenyeheri. La kwake lilitokea baada ya hapo. Safari hii aliketi, akaweka mezani bahasha ya vyeti vya hospitali.

"Niandikie ushuhuda," akasema. "Usiandike muujiza. Andika nilivyougua, nani alinitibu, nilimwomba nani, na siku niliyosimama."

Tuliandika siku tatu. Kila tarehe alitaka tuilinganishe na cheti, na mara mbili alinirudisha nyuma mimi, karani wa miaka yote hiyo, kwa kuandika "ghafla" pasipo hakika. Kansela alipokea faili bila swali hata moja.

Sasa nimestaafu, na Roma haijasema kitu. Huenda madaktari wao wataona dawa zilitosha. Huenda hawataona hivyo. Mwalimu hunipigia simu kila baada ya Pasaka kuuliza kama kuna habari, nami humjibu kwamba hakuna. Makatekista wanaoniona mkaidi nawaambia hivi: tamko likitoka, nitakuwa wa kwanza kulipigia kengele. Hadi siku hiyo, yule mtawa ni mwenyeheri, na Skolastika ni mwanamke aliyesimama akatembea.